Mapafu ya Kadeti: Je, Mazoezi Huyakuza?

Kila mwaka wako vijana wanaomaliza masomo hapa Gisenyi wakiwa na hamu ya kuingia jeshini, wapate kufunzwa uafisa katika chuo cha kijeshi cha Gako, kule Wilaya ya Bugesera. Na kila mwaka husikika maneno yale yale. Mmoja husema, "Fulani atafaulu tu, maana ana kifua kipana." Mwingine husema, "Mimi sitafika mbali, mapafu yangu ni madogo." Wa tatu huanza kukimbia kila alfajiri ili apanue mapafu yake, baada ya miezi miwili hujipima kifua kwa kamba, akaona ni kile kile cha zamani, basi akakata tamaa na kuacha.

Huyu wa tatu ndiye anayetuhuzunisha zaidi, kwa sababu aliacha wakati faida ilikwisha kuingia mwilini mwake. Alipima mahali pasipo penyewe. Nia ya somo hili ni kuonyesha mahali penyewe. Tutaona kwamba mazoezi ya askari huongeza sana nguvu ya kijana, lakini ukubwa wa mapafu yake hubadilika kidogo tu, au haubadiliki kabisa. Nguvu mpya hutoka kwingine. Mwenye kulijua jambo hili hatadanganywa na kipimo cha kifua, wala hataacha kazi nusu.

1. SAFARI YA PUMZI

Kwanza tujikumbushe yale tuliyofundishwa katika somo la viumbe. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uliotandazwa kama mkeka, nao huitwa kiwambo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua hupata nafasi, na hewa huingia yenyewe kwa njia ya pua na bomba la hewa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, kisha tena na tena, kama shina la mti na matawi yake, mpaka hewa inafika katika vifuko vidogo sana. Idadi ya vifuko hivyo ni mamilioni mamia kadhaa. Kama tungeweza kuvikunjua vyote na kuvitandaza chini, vingefunika kama mita 70 za mraba, yaani sakafu ya darasa kubwa.

Hapo ndipo hewa na damu hukutana. Hewa tunayovuta ina sehemu 21 za oksijeni katika kila 100. Hewa tunayotoa ina kama 16 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyochukuliwa na chembe nyekundu za damu. Moyo huisukuma damu hiyo mpaka kwenye misuli, na misuli huitumia oksijeni kuchoma chakula na kupata nguvu. Damu hurudi ikiwa na hewa ya kabonidayoksaidi, nayo hutolewa nje kwa pumzi.

Basi tazameni vizuri: mapafu ni mlango tu wa safari hii. Baada ya mlango kuna mchukuzi, ambaye ni moyo na damu. Na mwisho kuna mpokeaji, ambaye ni misuli. Mtu akiishiwa nguvu katika mbio, ni lazima tuulize ni nani kati ya hao watatu aliyechoka kwanza.

2. JINSI PUMZI INAVYOPIMWA

Kipimo cha mapafu si kitu kipya. Mwaka 1846 daktari mmoja wa Uingereza, John Hutchinson, alieleza chombo alichokitengeneza kwa kazi hiyo, nacho ni spirometa. Mtu alivuta pumzi nyingi kadiri awezavyo, kisha akaipuliza yote ndani ya chombo kilichoelea juu ya maji. Chombo kikainuka, na daktari akasoma kiasi. Hutchinson aliwapima watu zaidi ya 2,000. Miongoni mwao walikuwamo askari wa jeshi, polisi, mabaharia, wazima moto, wapigana ngumi, na hata watu maskini wasio na kazi.

Aliona nini? Aliona kwamba pumzi ya mtu hufuata urefu wake. Kila inchi moja ya urefu iliongeza kama inchi 8 za ujazo, yaani kiasi cha nusu gilasi ya hewa. Tena aliona kwamba umri ukizidi, pumzi hupungua. Mpaka leo madaktari wakimpima mtu huuliza kwanza urefu, umri, na kama ni mwanamume au mwanamke, ndipo wakisie pumzi inayomfaa. Hawaulizi kwanza kama yeye ni hodari wa gwaride.

Siku hizi spirometa ni chombo kidogo cha umeme, na hupima mambo mawili hasa. La kwanza ni pumzi yote ambayo mtu anaweza kuitoa baada ya kujaza kifua; kwa kijana mwanamume mzima ni kama lita 4 hadi 5, na kwa msichana hupungua kidogo. La pili ni kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza akipuliza kwa nguvu. Kijana mwenye afya hutoa karibu sehemu 80 kati ya 100, au zaidi, katika sekunde hiyo moja. Akitoa chache mno, daktari hushuku kwamba njia za hewa zimebana, kama ilivyo kwa mgonjwa wa pumu.

Hata bila chombo hicho mnaweza kujaribu shuleni. Chukueni jerikani nyeupe ya lita 10. Itieni maji kwa chupa ya nusu lita, na kila chupa moja pigeni mstari kwa kalamu. Ikijaa pomoni, zibeni mdomo wake kwa kiganja, muigeuze juu chini ndani ya beseni lenye maji. Wawili waishike, maana ni nzito. Ingizeni mpira mwembamba chini ya mdomo wa jerikani. Sasa mwanafunzi avute pumzi mpaka mwisho, azibe pua, apulize kwa mpira mpaka asibakiwe na kitu. Hewa itapanda na kufukuza maji, nanyi mtasoma kwenye mistari. Kila anayemaliza aoshe mpira kwa sabuni kabla ya kumpa mwenziwe. Andikeni urefu wa kila mmoja kando ya kipimo chake, nanyi mtaona kwa macho yenu yale aliyoyaona Hutchinson. Lakini mkumbuke kwamba hamjapima nani ni hodari.

3. KADETI AKIKIMBIA

Mtu aliyeketi hupumua kama mara 14 kwa dakika, na kila pumzi ni nusu lita. Yaani lita 7 kwa dakika. Kadeti anapopanda mlima mbio na mzigo mgongoni, hupumua mara 40 au zaidi, na kila pumzi hufika lita 2 na nusu. Hesabu hiyo ni lita 100 na zaidi kwa dakika moja. Mapafu yameongeza kazi yake zaidi ya mara 14, na bado katika kijana mwenye afya hayajafika mwisho wa uwezo wake. Ukipima damu inayotoka mapafuni hata wakati huo, utaikuta imejaa oksijeni karibu kama ilivyokuwa alipoketi.

Moyo hauna akiba kubwa namna hiyo. Kwa mtu aliyeketi husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Kwa kijana asiye na mazoezi, akikimbia kwa nguvu zake zote, hufika kama lita 20. Yaani umeongeza mara 4 tu. Hapo ndipo safari inapokwama. Mlango uko wazi, mzigo uko tayari, lakini mchukuzi amelemewa.

Sasa mazoezi hufanya nini? Katika majuma ya kwanza maji ya damu huongezeka, hata damu yote mwilini ikawa nyingi zaidi. Moyo hupata kujazwa vizuri, na kila pigo hutoa damu nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo kijana ambaye moyo wake ulipiga mara 72 kwa dakika akiwa amelala, baada ya miezi michache huukuta ukipiga mara 60 au chini yake, kwa kazi ile ile. Katika misuli ya miguu mishipa midogo ya damu huzidi, na zile sehemu ndogo ndani ya chembe za mwili zinazochoma chakula kwa oksijeni huongezeka pia. Mchukuzi amepata nguvu, na mpokeaji amepanua ghala lake.

Mapafu yenyewe hubaki karibu yale yale. Misuli ya kupumua, yaani kiwambo na ile ya katikati ya mbavu, huimarika na kuchelewa kuchoka. Kwa hiyo kadeti huweza kupuliza kwa nguvu kidogo kuliko alipoingia, na huhema kwa utulivu zaidi. Lakini akipimwa kwa spirometa siku ya kuingia na tena baada ya miezi kadhaa, tofauti huwa ndogo. Akipimwa mbio, tofauti huwa kubwa. Aliyeanza akiwa mlegevu aweza kuongeza uwezo wa mwili wake wa kutumia oksijeni kwa sehemu 10 hadi 20 kwa 100 katika miezi 2 au 3. Aliyeanza akiwa imara huongeza kidogo, kwa kuwa amekwisha kuukaribia mpaka wake.

Kuna mfano mmoja ambao kila kijana anapaswa kuujua. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, Marekani, madaktari waliwalaza kitandani vijana 5 wazima wa miaka kama 20 kwa majuma 3, bila ya kuwaruhusu kusimama. Walipoinuka, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Kisha walifanyishwa mazoezi makali kwa majuma 8, na nguvu zikarudi. Wale ambao hapo kwanza walikuwa na desturi ya kukaa tu walizidi hata kipimo chao cha mwanzo. Miaka 30 baadaye walitafutwa tena wote 5 na kupimwa. Ikaonekana kwamba miaka 30 ya uzee ilikuwa imewapunguzia nguvu kidogo kuliko yale majuma 3 ya kitandani. Mapafu ya vijana hao hayakukatwa kitandani, wala hayakushonwa upya katika mazoezi. Kilichoanguka na kuinuka ni kazi ya moyo, damu na misuli.

4. WATU WA MILIMANI

Huenda mmoja wenu atauliza, "Je, sisi tuliokulia nchi ya juu hatuna mapafu makubwa kuliko watu wa pwani?" Swali hili ni zuri, nalo lina jibu lenye pande mbili.

Maji ya Ziwa Kivu yako kwenye mita kama 1,460 juu ya bahari. Hewa hapa ina oksijeni sehemu 21 kwa 100 kama ilivyo Mombasa, lakini hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa kila pumzi tunapata karibu sehemu 85 tu za oksijeni ambayo mtu wa Mombasa angepata katika 100. Juu ya kilele cha Karisimbi, mita 4,507, hupungua mpaka chini ya 60. Mwili hujirekebisha kwa kupumua zaidi na kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Tena mtoto anayekulia juu sana, kama wenyeji wa milima ya Andes huko Peru, hupata kifua kipana na mapafu makubwa, kwa sababu mapafu hukua pamoja naye. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Baada ya miaka 20 hadi 25 mapafu huwa yamekwisha kukua, na hayakunjiki tena.

Lakini Gisenyi si Andes, wala urefu wa nchi haumkimbilii mtu. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanywa katika mji wa Mexico, ulioko mita 2,240 juu ya bahari, na huko watu wa nchi za juu za Afrika Mashariki walionyesha maajabu. Kipchoge Keino wa Kenya alimwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani, ambaye ndiye aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 1,500. Naftali Temu, naye wa Kenya, alishinda mita 10,000. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni. Angalieni kazi zao: Keino alikuwa polisi na mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, Temu alikuwa askari wa jeshi la Kenya, Wolde alikuwa askari wa walinzi wa mfalme, kama vile mwenziwe Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, na ya Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1972 John Akii-Bua, polisi wa Uganda, alishinda mita 400 za kuruka viunzi kule Munich. Mwaka 1974 Filbert Bayi, askari wa jeshi la Tanzania, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch.

Maelfu ya watu walizaliwa katika milima ile ile na kuvuta hewa ile ile. Hawa walipata, zaidi ya hewa, utaratibu wa askari: saa ya kuamka, mwalimu wa kuwaangalia, chakula cha kutosha, na mazoezi ya kila siku kwa miaka mingi.

5. ADUI ZA PUMZI

Ikiwa mazoezi hayawezi kuyakuza sana mapafu ya mtu mzima, inafuata kwamba tuliyopewa tuyalinde. Kuyaharibu ni rahisi.

Adui wa kwanza ni tumbaku. Moshi wa sigara una hewa ya kabonimonoksaidi, nayo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Kadeti anayevuta sigara kabla ya mbio anawapakia wachukuzi wake mzigo wa bure kabla hawajafika sokoni. Tena kila mtu, baada ya miaka kama 25 hadi 30, hupoteza kidogo cha pumzi yake kila mwaka; mvuta sigara wengi wao hupoteza kwa haraka zaidi, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Adui wa pili ni moshi wa makaa na kuni katika chumba kilichofungwa. Kabonimonoksaidi haina harufu wala rangi. Usiku wa baridi ya mvua watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha; wengine wamelala wasiamke. Jiko likae nje, au dirisha liwe wazi.

Adui wa tatu ni wa nchi yetu hii ya volkano. Wenyeji wa pande za Goma humwita mazuku. Ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hulala katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Wanyama na watoto wamekufa humo. Kwa hiyo anayekimbia alfajiri asishuke kupumzika katika shimo lenye majani yaliyokauka na wadudu au ndege waliokufa. Hakuna mapafu, hata ya bingwa, yanayoweza kushindana na mazuku.

Adui wa nne ni ugonjwa unaofichwa. Kikohozi kinachopita majuma 2 kipelekwe kwa mganga wa hospitali, maana huenda ni kifua kikuu, na kifua kikuu kinachogunduliwa mapema hutibika. Mwenye pumu asijihesabu kuwa mlemavu. Wakimbiaji wakubwa wa dunia wamekuwamo wenye pumu. Ila afanye mazoezi kwa shauri la daktari, aanze polepole, na awe na dawa yake karibu.

6. NAMNA YA KUJIZOEZA

Anayetaka kujitayarisha kwa jeshi, au kwa afya tu, aweza kufuata mpango huu wa majuma 10, siku 4 kwa juma.

Juma la 1 na la 2: tembea kwa haraka nusu saa, na katikati ukimbie dakika moja moja mara 6. Njia ya kando ya ziwa kuelekea Rubona inafaa.

Juma la 3 na la 4: kimbia dakika 5, tembea 2, rudia mara 4.

Juma la 5 hadi la 7: fanya mchakamchaka wa dakika 25 hadi 30 bila kusimama. Askari huimba wanapokimbia, na jambo hili lina maana zaidi ya kuchangamsha. Ukiweza kuimba, mwendo ni wa wastani, na unaufaa moyo bila kuuchosha. Ukishindwa hata kutamka maneno matatu, umezidisha. Siku moja kati ya 4 panda kilima kwa miguu, kama Mlima Rubavu ulio juu ya mji wetu, kwa hatua za kawaida.

Juma la 8 hadi la 10: siku moja tu kwa juma kimbia kwa nguvu dakika 4, kisha tembea dakika 3, urudie mara 4. Siku nyingine ziwe za mchakamchaka.

Siku 2 kwa juma ongeza mazoezi ya mikono, tumbo na mgongo. Pumzika walau siku moja nzima. Usiongeze muda na ukali na mzigo vyote kwa pamoja. Makuruta wengi hushindwa kwa miguu na si kwa pumzi: mifupa ya mguu hupata nyufa ndogo ikipigishwa gwaride na mbio za ghafla kupita kiasi. Maumivu ya mfupa yanayozidi kila siku si ya kuvumiliwa kishujaa; mwambie mwalimu.

Sasa kipimo. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alitangaza jaribio ambalo majeshi na shule nyingi zimelitumia. Kimbia dakika 12 kwenye uwanja ulio sawa, uhesabu mita ulizokwenda. Toa 505, halafu ugawe kwa 45. Jibu hukaribia kiasi cha oksijeni, kwa mililita, ambacho kila kilo ya mwili wako inaweza kutumia kwa dakika. Aliyekimbia mita 2,000 atapata kama 33. Aliyekimbia mita 2,600 atapata kama 47. Kwa sababu ya wepesi wa hewa yetu, usijilinganishe na kijana wa pwani. Jilinganishe na nafsi yako ya majuma 10 yaliyopita. Andika pia mapigo ya moyo wako kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Vipimo hivi viwili ndivyo vitakavyokuonyesha faida ambayo kamba ya kifuani haiwezi kuionyesha.

Wasomaji wetu waliokwisha kuondoka shuleni, hasa waliopita miaka 40 au wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au sukari, wasijaribu mbio hizo za dakika 12 kabla ya kupimwa na daktari. Lakini kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma, kunawafaa wengi wao. Wakumbuke wale watu 5 wa Dallas: kiti ni adui mkali kuliko umri.

7. SI KWA ASKARI TU

Mtu asiseme, "Mimi sitaki kuwa askari, somo hili halinihusu." Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipolipuka, mto wa moto uliingia Goma na kuukata mji, na mamia ya maelfu ya watu waliuvuka mpaka kuja Gisenyi, wengi wao kwa miguu, na watoto mgongoni na mizigo kichwani. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na tena maelfu walitembea gizani kuja upande wetu. Siku zilizofuata matetemeko yalipasua nyumba hata hapa Rubavu. Siku ya namna hiyo hakuna anayeulizwa kama aliwahi kuwa kadeti. Anayeweza kutembea kilomita 15 na mtoto mgongoni anajiokoa, na anamwokoa mtoto.

Nguvu hiyo haipatikani siku ile ile. Haba na haba hujaza kibaba. Inapatikana sasa, kwa nusu saa ya asubuhi, kwa yule mwenye kifua kipana na kwa yule mwenye kifua chembamba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja wahusika watatu wa safari ya oksijeni kutoka puani mpaka mguuni. Ni yupi anayelemewa kwanza kwa kijana mwenye afya?

2. Hutchinson aliona pumzi ya mtu inafuata nini hasa?

3. Kijana A ana pumzi ya lita 5, na hukimbia mita 2,000 kwa dakika 12. Kijana B ana lita 4, na hukimbia mita 2,600. Eleza jinsi jambo hili linavyowezekana.

4. Kwa nini mtu asilale shimoni alfajiri katika nchi ya mazuku?

5. Pima mapigo ya moyo wako kesho asubuhi kabla ya kuinuka, uyaandike. Yapime tena baada ya majuma 10 ya mazoezi. Tofauti yake inaeleza nini?